Hamira ya Pentekoste

Masomo: Mambo ya Walawi 23:15–17, Mathayo 13:33, 1 Wakorintho 5:6–8

 

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uhai, tutasherehekea Pentekoste. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome masomo yale matatu hapo juu. Yote yanazungumza juu ya kitu kimoja ambacho hakikosi jikoni kwako: hamira, au kama Biblia yetu inavyoiita, chachu. Ukiyasoma mbio mbio utachanganyikiwa. Bwana Yesu anaufananisha ufalme wa mbinguni na chachu. Paulo anatuambia tuiondoe. Musa naye anasema siku ya Pentekoste iletwe mbele za Bwana. Sasa tuilete au tuitoe? Hilo ndilo swali la leo, na si swali la jikoni tu. Kuna mtu katika kanisa hili ambaye wiki hii maisha yake yanategemea jibu letu.

1. Hamira hufanya kazi gani?

Ukiishi kisiwani hapa, hamira unaijua kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Pita alfajiri kutoka Bondeni ushukie Kibokoni mpaka karibu na Fort Jesus. Kina mama wameshabandika karai, harufu ya iliki na tui la nazi imeshika kichochoro kizima, na mahamri yanapinduka kwenye mafuta yamevimba kama mito. Hata jina lenyewe, hamri, lina udugu na hamira. Mwezi wa Ramadhani jirani zetu Waislamu wanatuletea mkate wa kumimina, ule wa mchele uliosagwa na tui. Huo nao umeumuliwa kwa hamira. Sote tunaila, lakini ni wangapi wanajua inafanya nini mle ndani ya bakuli?

Hamira ni kiumbe hai. Ni kidogo mno, huwezi kukiona kwa jicho. Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, aliitazama kwa hadubini yake mwaka 1680, akaona vidonge vidogo vya mviringo, lakini hakujua kwamba vina uhai. Watu wakaendelea kuoka mikate na kupika pombe, hawajui nani anawafanyia kazi. Ilikuwa mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alipotangaza kwamba kuchacha ni kazi ya kiumbe hai. Yule mama wa Mathayo 13 hakujua hata moja katika hayo, na bado donge lake liliumuka! Mpendwa, ufalme wa Mungu haungoji mpaka uuelewe ndipo ufanye kazi.

Kazi ya hamira ni moja. Inakula sukari. Ikishakula, inatoa vitu viwili: hewa na kileo. Shika hapo, maana mahubiri ya leo yote yamekaa hapo. Hamira iliyo kwenye unga wa mahamri inatoa hewa na kileo. Hamira iliyo kwenye kibuyu cha mnazi inatoa hewa na kileo. Kazi ni ileile.

Tofauti iko wapi? Iko kwenye kile kinachobakishwa. Mwokaji anaifunga ile hewa ndani ya donge, halafu moto ukija, kileo kinapaa kinakwenda zake. Mnywaji wa mnazi anaiacha hewa itoke na povu, yeye anabaki na kileo. Mwambie jirani yako: "Unabakisha nini?"

2. Hamira ziko aina nyingi

*Ya kwanza ni hamira ya mnazi.* Hii hakuna mtu aliyeiweka. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakipunguza kishada cha mnazi kwa kotama, maji yanatona ndani ya kibuyu. Yakitona ni matamu, mtoto anaweza kunywa. Lakini hamira ya mwituni iko hewani, iko juu ya mti, iko hata ndani ya kibuyu chenyewe, kwenye masalia ya jana. Saa chache tu, povu. Kesho yake ni tembo kali. Ukiuacha siku zaidi unageuka siki. Na ukiufunga kwenye chupa ukakaza kifuniko, unapasua chupa, kama Bwana Yesu alivyosema juu ya divai mpya na viriba vikuukuu katika Mathayo 9:17.

Wapendwa, dhambi nyingi zinaingia hivyo hivyo. Hakuna kijana anayeamka asubuhi akasema, "Leo naanza kuwa mlevi." Hakuna mke na mume wanaopanga kuchukiana. Ni masalia ya jana kwenye kibuyu ambacho hakikuoshwa. Ukilala na hasira, asubuhi tayari ina povu.

*Ya pili ni hamira ya kiwandani, ya bia.* Kenya ilianza kupika bia ya kiwanda mwaka 1922, kule Ruaraka, Nairobi. Wapishi wa bia wana hamira za makundi mawili makubwa. Moja inapenda joto, inafanya kazi kwa kasi na kupanda juu na povu lake, kila mtu anaiona. Nyingine inapenda baridi, inafanya kazi polepole na kutulia chini ya pipa. Bia nyingi zinazouzwa nchini kwetu zinatokana na hii ya pili, ya baridi. Mwaka 1883, kule Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga chembe moja tu ya hamira hiyo. Akaikuza peke yake mpaka ikatosha kiwanda kizima. Chembe moja!

Ukinisikiliza vizuri utajua ninakokwenda. Katika Luka 12:1 Yesu anawaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo, na anaitaja kwa jina: unafiki. Unafiki hauna povu. Mlevi anayumba barabarani Mwembe Tayari, kila mtu anamwona. Mnafiki amekaa kiti cha mbele na Biblia yake, ametulia, baridi, anafanya kazi chini kwa chini. Neno moja tu, chembe moja, linaenea idara nzima.

*Ya tatu ni hamira ya dukani, ya mkate.* Kuna ile mbichi, ya kipande kama sabuni laini, isiyokaa bila friji. Kuna ile kavu ya punje punje, ambayo lazima uiamshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Na kuna ile ya haraka, unayoichanganya moja kwa moja na unga. Ile kavu ukiiona utadhani imekufa. Iko kwenye pakiti miezi na miezi, kimya. Haijakufa, mpendwa, imelala! Itie maji ya uvuguvugu, ngoja dakika kumi, utaona povu linapanda.

Lakini kina mama wote hapa mnajua: ukiimiminia tui la moto, linalotoka jikoni sasa hivi, umeiua. Unaweza kukanda mpaka mikono iume, donge litalala pale pale kama jiwe. Na maji ya barafu nayo hayaiui, lakini hayaiamshi. Hapo nataka wazee wa kanisa na viongozi wa idara mnisikilize. Mtu aliyeokoka jana hamiminiwi maji yanayochemka. Wala hawekwi kwenye barafu. Anahitaji uvuguvugu, na kitu kitamu kidogo, na muda.

Wengine tumezoea beking pauda. Ile haina uhai. Ni soda na asidi, ikipata maji na moto inafura papo hapo, basi, imeisha. Kuna wokovu wa beking pauda pia! Mtu anafura siku ya mkutano wa injili, Jumatano hayuko. Ufalme wa Mungu ni hamira. Unafunikwa kitambaa, unaachwa pembeni, unaumuka taratibu wakati wewe unafagia ua.

*Ya nne ni donge la jana.* Hii ndiyo chachu ya zama za Biblia. Hawakuwa na pakiti. Mama alikuwa anakata kipande cha donge la leo, anakiweka, kesho anakichanganya na unga mpya. Kesho kutwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mkate wa leo ulikuwa na ndani yake mkate wa mwezi jana na wa mwaka jana. Sasa unaelewa kwa nini katika Kutoka 12 Waisraeli walitoka na unga usiotiwa chachu? Hawakuwa na nafasi ya kungoja, ni kweli. Lakini angalia pia: mnyororo ulikatika. Donge la Misri liliishia Misri. Walikoanza upya, walianza bila lile la jana.

3. Jina la mkate

Sasa niwaambie jambo litakalowashangaza. Wataalamu wameipa hamira ya mkate jina la Kilatini: Saccharomyces cerevisiae. Neno la kwanza maana yake ni kuvu ya sukari. Neno la pili maana yake ni "ya bia". Hamira uliyoumulia mahamri yako asubuhi ina jina la bia! Na ndiyo hiyo hiyo kwa aina ambayo wataalamu huikuta kwa wingi kwenye mnazi. Zamani kule Ulaya, kabla ya viwanda vya hamira, waokaji walikuwa wanakwenda kwa wapishi wa pombe kuchukua povu, wakaumulie mikate. Na kule Goa, walikotoka ndugu zetu Wagoa walioishi na sisi Mombasa miaka mingi, tembo la mnazi ndilo lililokuwa likiumulia mikate. Povu la kilabuni likaingia kwenye mkate, na mkate ukawekwa mbele ya watoto.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hamira ni ileile", mwambie ndiyo, ni ileile. Lakini imewekwa kwenye nini? Na imepitia moto gani?

Twende Mambo ya Walawi. Sura ya 2 mstari wa 11, chachu isichomwe juu ya madhabahu. Pasaka, siku saba, chachu isionekane nyumbani. Halafu hesabu siku hamsini, ufike Pentekoste, sura ya 23 mstari wa 17. Mungu anaagiza mikate miwili itolewe majumbani mwao, iliyookwa kwa chachu, itikiswe mbele zake kama malimbuko. Iliyookwa kwa chachu! Katika sikukuu hii, Mungu anataka mkate wa nyumbani, mkate wa watu wa kawaida, wenye hamira ndani yake, ila umeshapita kwenye moto. Na siku hiyo hiyo, karne nyingi baadaye, akawashushia watu mia na ishirini upepo na moto, katika Matendo ya Mitume 2. Petro aliyemkana Bwana alikuwemo. Watu wa nje wakasema wamelewa. Hawakuwa wamelewa. Mungu alikuwa amebakisha pumzi, kileo kimepaa.

4. Jambo lililo mezani petu

Sasa nifike kwa mama mmoja wa kanisa hili. Wengi mnamjua, na amenipa ruhusa niseme, bila kutaja jina. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na mangwe. Mnazi ulikuwa unamfikia kila siku kutoka Kilifi, anapima, watu wanakunywa kwa mirija yao mpaka usiku. Mwaka jana alimpa Bwana maisha yake. Hakuambiwa na mtu. Yeye mwenyewe alifunga mangwe kesho yake. Tangu hapo anapika mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, shilingi kumi hamri moja.

Idara ya kina mama ilipokaa kupanga chai ya Pentekoste, jina lake lilitajwa apike mahamri. Kukasemwa maneno. Kwamba mkono uliopima mnazi hauwezi kukanda mkate wa nyumba ya Bwana. Mmoja akaongeza, "Na hamira ni ileile." Watu wakacheka. Kicheko kile kilimfikia kabla chai ya kikao haijapoa.

Jumapili mbili hakuja. Mimi na mama mchungaji tukamtembelea. Hakulalamika sana. Alisema, "Mchungaji, nakanda mahamri mia, arobaini yanalala. Watu wa kanisa wakifika kwangu wanavuka barabara." Halafu akatuonyesha simu. Yule aliyekuwa akimletea mnazi amempigia mara tatu. Yuko tayari kumletea kwa mkopo, alipe akishauza. Kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi.

Mnaona, wapendwa? Mangwe inamwita kwa simu, inamkopesha, inamwamini. Kanisa linavuka barabara.

Najua kuna anayeuliza, "Mchungaji, unahalalisha pombe?" La hasha. Nimezika vijana wengi mno kusema hivyo. Novemba 2000 kule Nairobi watu zaidi ya mia moja walikufa, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hamira haikufanya hayo. Tamaa ya mtu aliyetaka faida ndiyo iliyofanya. Na hata pombe isiyotiwa sumu, hamira yenyewe ina somo kwetu: kileo kikizidi, kinaiua hamira iliyokitengeneza. Ninawajua waliokufa hivyo hivyo. Msimamo wa kanisa hili haujabadilika.

Mwingine atasema, "Lakini Paulo alisema tuiondoe chachu ya kale." Amesema. Soma sura yote ya 5. Pale Korintho kulikuwa na mtu anayeendelea na uovu waziwazi, na kanisa linajivuna. Huyu mama haendelei. Ameacha, na kuacha kumemgharimu riziki yake. Halafu soma mstari wa 8 polepole. Paulo anaitaja chachu ya kuondolewa: ni uovu wa moyo, ni ubaya wa nia. Na anataja kinachowekwa mahali pake: unyofu na kweli. Sasa niambie, siku ile ya kikao, chachu ya kale ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye mikono ya yule mama, au kwenye kile kicheko?

Bwana Yesu alizungumza juu ya pishi tatu za unga. Sisi wa pwani tunajua pishi ni vibaba vinne. Kipimo cha Wayahudi kilikuwa kikubwa zaidi. Vitatu vyake vinakaribia lita arobaini za unga. Ndicho kipimo kile kile Ibrahimu alichomwambia Sara akande, katika Mwanzo 18:6, wageni wa mbinguni walipofika. Huo si mkate wa familia, ni wa kijiji. Mama mmoja, hamira kidogo, na mkate wa watu wote. Mungu hakumwokoa mama huyu aje akae nyuma kwenye kiti cha plastiki. Amemtia kwenye unga wa kisiwa hiki. Wale waliokuwa wakinywa kwake wanapita asubuhi na kuuliza kulikoni. Anawaambia. Ni nani kati yetu anayeweza kuzungumza na watu wale?

5. Tufanye nini?

Kwanza, chai ya Pentekoste itaandaliwa na yeye. Nimezungumza na uongozi wa idara ya kina mama, na viongozi wenyewe watakwenda kwake Jumamosi usiku kumsaidia kukanda. Anayejua kukanda, aende.

Pili, anayepita njia ile asubuhi, asivuke barabara. Nunua mahamri. Hii si sadaka. Ni mazuri kuliko ya wengi wetu, na mama mchungaji amenikataza kusema zaidi.

Tatu, kila mmoja akaoshe kibuyu chake. Kama kuna neno ulilosema juu ya mtu, usilale nalo. Mtafute kabla ya Jumapili.

Sala

Baba, wewe ulipuliza pumzi puani mwa Adamu, na siku ya Pentekoste ukapuliza tena. Ututoe donge la jana, la masengenyo na dharau. Waliolala kama punje kavu, waamshe kwa uvuguvugu wa upendo wako. Yaliyo ya kileo ndani yetu, moto wako uyapaishe. Yaliyo ya Roho yabaki. Mlinde mama huyu mwisho wa mwezi huu na siku zote. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa seli za nyumbani wiki hii

1. Katika aina nne za hamira, ni ipi inayofanya kazi zaidi katika nyumba yako sasa? 
2. Kwa nini Mungu alikataza chachu wakati wa Pasaka na kuiagiza siku ya Pentekoste? Someni Walawi 23 pamoja. 
3. Ni nani aliyeokoka karibuni ambaye seli yenu imemmiminia maji ya moto, au imemweka kwenye barafu? Mtamtembelea siku gani?